Simu Niliyomnunulia Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikuja Guangzhou kununua mikoba nikiwa mwaka wa tatu wa masomo yangu ya uzamivu. Anauza mikoba Tanga, dukani kwake mwenyewe, na kwa muda mrefu alikuwa akiagiza mizigo kupitia kwa watu, wakimletea rangi asizozitaka na zipu zinazokatika kabla mteja hajafika nyumbani. Safari hii akaamua kuja mwenyewe, akifuatana na wanawake watatu wa Kariakoo walioizoea njia. Mke wangu alinipigia kunieleza, akamalizia kwa kusema, "Mama hajui hata neno moja la Kichina. Wewe ndiye masikio yake huko."

Tangu siku hiyo usingizi ukapungua. Kwetu mama mkwe ni mtu wa kumwamkia macho yakiwa chini. Mkikutana mlangoni, unarudi nyuma apite. Hamli sahani moja, hamketi kochi moja, na akiingia sebuleni wewe unakumbuka una shughuli nje. Katika miaka yote ya ndoa yangu sidhani kama niliwahi kuzungumza naye jambo lililozidi salamu, mvua na afya ya wazee. Sasa nilitakiwa nimwongoze kwenye treni za chini ya ardhi, nimbebee mifuko, nimuulizie choo kiko wapi.

Na kulikuwa na jambo jingine. Mimi na mke wangu hatukuwa na mtoto. Watu walisema ni umbali, kwamba mume hawezi kukaa China mke akakaa Tanga wakategemea mtoto ashuke na mvua. Lakini likizo zote nilirudi, na yeye aliwahi kuja kukaa nami huku muhula mzima. Wiki chache kabla ya safari ya mama, nilikwenda hospitali peke yangu kupimwa. Tatizo lilikuwa langu. Nilimwambia mke wangu tu, na nilimwambia nikiwa nimegeuzia kamera ukutani.

Mama alifika. Nikampokea uwanja wa ndege, nikamwamkia, akaniitikia, "Marahaba baba, umekonda," nikachukua begi lake nikatangulia mbele ili tusitazamane.

Simu yake ndiyo iliyoanza kunipa tabu. Ilikuwa Android ya zamani, kioo kimepasuka pembeni, mfuniko wa nyuma umezungushiwa rababendi. Ndani yake kulikuwa na laini mbili, moja ya maongezi na moja ya pesa, na kadi ya kumbukumbu iliyojaa mawaidha, taarabu na picha za mikoba ambayo wateja walikuwa wamemwagiza. Kila kilichokuwamo aliwekewa na fundi wa jirani ya duka lake, aliyekuwa akiifungua simu hiyo kama anafungua mkebe wa biskuti. Nyumbani ilimtosha kabisa. Guangzhou ikaiziba mdomo. Programu anazozungumzia na watu wake hazifunguki huku bila VPN, ile programu ya kupenya vizuizi vya mtandao, na VPN niliyomwekea ilikuwa ikikatika kila anapovuka barabara.

Sisi tunaozungumza Kiswahili Guangzhou tuna ubishi wetu usiokwisha kuhusu simu. Ukiingia mgahawa wowote wa kwetu pale Sanyuanli, wanafunzi na wafanyabiashara wakiwa wamekaa kusubiri pilau, utaukuta. Upande mmoja wako watu wa Android. Hawa watakwambia simu ni mali yako, uweke unachotaka, utumiwe programu na rafiki uisakinishe bila kuomba ruhusa kwa mtu, na ikiharibika fundi yeyote aliye chini ya mwavuli aifungue. Upande wa pili wako watu wa macho matatu, kama tunavyoziita zile zenye kamera tatu mgongoni. Hawa watakujibu kwamba yao imefungwa, ndiyo, na ndiyo raha yake: haiingii takataka, haizeeki upesi, na siku ukitaka kuiuza bado ina heshima. Kuna Mkenya mmoja, mwanafunzi anayeuza vipuri vya simu, aliwahi kutusikiliza mpaka akachoka. "Nyinyi watu mnapoteza saa," akasema. "Customer hajali nani amefungua nani amefunga. Anataka kujipiga picha kwa mirror ya lift, simu ionekane. Basi."

Mimi nilikuwa wa Android wa kupigiwa mfano. Simu zinazouzwa kwa ajili ya soko la China huja zimejaa programu za Kichina, na zile tunazozijua sisi hazimo. Nilikuwa nikiwaflashia wenzangu simu hizo, nazisafisha, nawawekea mambo ya nyumbani. Lakini nilipooa, nikaona kwamba simu zilizofungwa zina njia yao wenyewe ya kupigiana kwa video, iliyokuja nazo kutoka kiwandani, na njia hiyo inapita China bila VPN. Nikajinunulia moja, nikampelekea mke wangu nyingine. Pale mgahawani nilihama kambi kimyakimya, na waliogundua walinicheka wiki nzima.

Siku ya pili ya mama tulikuwa Zhanxi, kwenye majengo ya viatu na nguo, tukisukumwa na mikokoteni. Mmoja wa wale wanawake wa Kariakoo, mwenye sauti kuliko wenzake, alimwona mama akiipigapiga simu yake kwenye kiganja ili iamke.

"Mama jamani," akasema akicheka, "mkweo anasomea uhandisi China, nawe unatembea na simu ya rababendi?"

Alikuwa anatania. Lakini alinitazama mimi, na wale wengine wakanitazama, nikahisi masikio yakipata moto.

"Inanitosha," mama akajibu. "Inaita, naitikia."

"Mama, leo hii nitakununulia nyingine," nikasema. Nilisema kwa sauti, ili wote wasikie.

"Usijisumbue baba."

"Si usumbufu, mama."

Sikumuuliza anataka simu ya namna gani. Nilimpeleka moja kwa moja kwenye duka la macho matatu, nikatoa akiba yangu, na nikiwa natoa nilikuwa nikiwaza namna mke wangu atakavyofurahi na namna yule mwanamke wa Kariakoo atakavyonyamaza. Mama alisimama kando ya kaunta, mkoba wake ameukumbatia kifuani.

"Laini mbili zinaingia?" akauliza.

"Zinaingia mama."

"Na kadi yangu hii?"

"Kadi haiingii. Simu hizi hazina pa kuwekea kadi."

"Sasa mawaidha yangu yatakaa wapi?"

"Yatakaa mtandaoni, mama. Unayachukua hukohuko hewani."

"Hewani," akasema mama polepole. Simu yake ya zamani aliikunja ndani ya leso, akaiweka chini kabisa ya mkoba.

Ukinunua simu ya namna ile, lazima uifungulie akaunti, na ili ufungue akaunti wanakutumia ujumbe wenye namba za kuthibitisha. Ujumbe ukatumwa kwenye laini yake ya Tanga. Haukufika. Tukasubiri, ukatumwa tena, haukufika. Wenzake walikuwa wamesimama mlangoni wakitaka kwenda kula, na muuzaji alianza kufunga maboksi yake. Nikaona nifanye kama wanavyofanya wengi kwa wazee wao: nikaingiza akaunti yangu mwenyewe, kwa muda, nikijiambia jioni nitatulia nimfungulie yake. Jioni ikaja na mambo yake.

Kesho yake tulikodi gari kwenda Shiling, mji wa mikoba. Mama alifanya kazi pale mpaka nikamwonea fahari. Alivuta kila zipu mara nyingi, alinusa ngozi, aliukunja mkoba na kuukunjua. Mwenye duka akimtajia bei, mama anacheka tu, anatikisa kichwa, anaanza kuondoka, na mwenye duka anamfuata. Hakunihitaji sana. Alinihitaji kwenye simu. Alipiga picha za mikoba, akataka kumrushia mwenzake aliyekuwa na Android, na kila wakijaribu hazikwenda.

"Yangu haiioni yako," mwenzake akasema.

"Zamani tulikuwa tunarushiana."

"Zamani ulikuwa na simu ya watu, mama. Sasa una simu ya mkweo."

Ndani ya gari tukirudi, mama alikaa mbele na dereva, mimi nyuma. Akageuza kichwa kidogo, bila kunitazama. "Baba, kuna picha zimeingia humu si zangu. Kuna bakuli la tambi. Halafu kuna wewe."

Nikaiomba simu. Picha zangu zote zilikuwa zimeingia kwake kwa sababu ya ile akaunti. Bakuli la tambi, ubao wa maabara, na mimi mwenyewe kwenye kioo cha lifti ya bweni, nimevuta tumbo ndani, simu nimeiinua ionekane. Nikazima upande wa picha palepale, mikono ikiteleza kwa jasho. Nikamrudishia nikisema ni hitilafu ndogo. Akasema haidhuru, picha ni nzuri. Nilijiona nimepona. Picha ndizo zilizonishtua, nami nikashughulika na picha. Upande wa kupigiana simu sikuukumbuka hata kidogo.

Siku mbili baadaye mikoba ililetwa kwenye ofisi ya kago, ya kusafirishia mizigo, pale Sanyuanli. Ni chumba kirefu chini ya jengo la zamani, mizani mlangoni, marobota hadi darini, na wakati wote kuna sauti ya utepe wa gundi ukivutwa na kukatwa. Mwenye ofisi ni mtu wa Unguja, mpole, ambaye nilimfanyia kazi za kutafsiri mara nyingi. Kwenye mizani yuko dada wa Kichina anayejua Kiswahili cha mizigo: kilo, jina, Dar, bado, hapana. Wale wanawake watatu walikuwapo, kila mmoja na mzigo wake. Mama aliketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mizani, amechoka, simu iko mapajani. Mimi nilikuwa nimechuchumaa ndani zaidi, naandika jina lake na neno TANGA kwenye maboksi kwa kalamu nene. Simu yangu niliiacha kwenye chaji, juu ya kabati la ofisi, nimeizima sauti.

Simu ya mama ikaita. Nilimsikia akisema, "Huyu mwanangu," kwa furaha, maana aliiona picha ya binti yake juu ya kioo. Akaipokea na kuiweka sikioni, kama alivyozoea kupokea simu maisha yake yote. Lakini ile ilikuwa simu ya video, na simu ya video hutoa sauti nje. Sauti ya mke wangu ikajaa chumba kizima.

"Mume wangu? Mbona giza? Haya, usijali kamera, nisikilize tu, nina dakika chache wanafunzi hawajarudi darasani." Mke wangu ni mwalimu, na ana sauti ya mwalimu. "Siku ile anaondoka mama aliniuliza tena habari za mtoto. Nimemwambia tatizo ni langu, mirija imeziba. Sasa wewe usije ukajitia kusema ukweli huko, ukamwambia hospitali wameona mbegu zako chache. Mimi ni mtoto wao, wataninung'unikia watachoka. Wewe hawatakuacha. Umenisikia mume wangu? Usimwambie mama."

Mwanzo nilidhani ni simu yangu mimi iliyopokewa na mtu. Niliinua kichwa kulitazama kabati. Kisha nikamwona mama, simu bado iko sikioni, mkono umekakamaa. Jambo moja lilinipiga kabla ya yote: hata mimi sikujua kwamba mke wangu alikuwa amemwambia mama hivyo. Nililisikia pale, pamoja na mama, pamoja na wanawake watatu wa Kariakoo.

"Mwanangu," mama akasema, "ni mimi mama."

"Mama?"

"Ni mimi. Mumeo yuko hapa anaandika maboksi. Nenda kwa wanafunzi wako."

Akaiondoa simu sikioni akitafuta pa kukatia. Hakupaona. Simu ile alikuwa haijui. Uso wa mke wangu ulikuwa umejaa kwenye kioo, kiganja mdomoni, macho yamemtoka, na mama akawa anaubonyezabonyeza uso huo kwa kidole. Ikanibidi niinuke, nivuke chumba kizima, niiname mbele ya mama mkwe wangu na kubonyeza kitufe chekundu. Kidole changu kiligusana na chake.

Hata utepe wa gundi ulinyamaza. Ndipo dada wa mizani, aliyekuwa ameshika kalamu na daftari la uzito, akaniuliza kwa uangalifu wa mtu anayetaka kufanya kazi yake vizuri.

"Mbegu nani? Mbegu hapana. Mbegu forodha hapana pitisha."

Hakucheka mtu. Laiti wangecheka.

Mwenye kago akataka kunisaidia. "Hakuna mbegu, dada," akamwambia. "Hapa hakuna mbegu kabisa. Endelea kupima."

Neno lilipomtoka akalisikia mwenyewe. Alitazama chini, akaanza kutafuta kitu kwenye mifuko ya shati ambacho hakikuwamo. Yule mwanamke mwenye sauti kuliko wenzake alikohoa, akageukia ukutani, akawa anasoma tangazo la Kichina. Mimi nilisimama katikati ya chumba kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni, hajui afunike mbele au nyuma.

"Baba," mama akaniita, na sauti yake ilikuwa ileile ya siku zote, "yale maboksi ya pembeni hujayaandika."

Nikarudi kwenye maboksi. Herufi zilinitoka kama za mtoto wa chekechea, na boksi moja niliandika TAGA. Sikulirekebisha. Lilifika hivyohivyo.

Tulirudi hotelini kwa miguu, mama mbele, mimi nyuma na mifuko. Mlangoni akasema ahsante, akapanda juu.

Jioni mke wangu alipiga, kwenye simu yangu safari hii, na kabla hajasema lolote akauliza, "Uko peke yako? Nionyeshe chumba." Nikazungusha kamera ukuta hadi ukuta. Alikuwa amelia.

"Simu ya mama ina nini? Nimepiga kwako, akapokea yeye. Umeifanya nini?"

Nikamweleza habari ya akaunti, kwamba akipiga kwangu zinaita simu zote mbili. Mtu anayesomea umeme na mitambo, kumweleza mkewe kwamba alifunga simu mbili kwa ufunguo mmoja akasahau. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Nani mwingine alikuwapo?" akauliza.

Nikamtajia. Akafumba macho kila nilipotaja mtu.

"Kwa nini ulimwambia ni wewe?" nikamuuliza.

"Ningefanyaje? Alikuwa anakuja kwako. Sikutaka akutazame kwa jicho hilo siku zote mnazokaa wawili."

Nililia baada ya kukata, nikafungulia maji bafuni ili jirani yangu wa chumba cha pili asinisikie.

Asubuhi mama alinisubiri ukumbini hotelini. Simu mpya ilikuwa mezani, ndani ya boksi lake, waya umekunjwa kama ulivyotoka dukani. Mkononi ameshika ile ya rababendi. Nikamwamkia, nikasimama. Akanionyesha kiti, si kile cha kando yake, kile cha mbele, nami nikaketi pembezoni.

"Simu hii mpe mke wako, au iuze," akasema. "Mimi nimesharudi kwenye yangu."

"Mama, naweza kuitengeneza sasa hivi. Ni akaunti tu. Nikikufungulia yako mwenyewe..."

"Najua unaweza. Siitaki. Ile sijui nani anaingia na nani anatoka. Hii yangu kila kilichomo najua kimefikaje."

Nikaitika. Mhudumu akapita na fagio, akapita tena.

"Mimi sikuja China kusikiliza mambo ya chumbani kwenu," mama akasema. "Lakini nimeyasikia, na masikio hayana mfuniko. Unajua mwaka jana nilimpeleka mwanangu kwa mganga Pangani? Nilimnywesha mizizi. Alitapika siku nzima nikamwambia vumilia, ndiyo dawa inafanya kazi. Juzi tena, wakati wa kuagana, aliponiambia mirija, nikaja huku kumuuliza kila Mchina ninayekutana naye kama ana dawa ya mwanamke asiyezaa. Niliuliza kwa vidole, mbele ya wenzangu." Akaivuta rababendi ya simu yake, akaiachia. "Sasa sijui mwenye kuona haya hapa ni nani, wewe au mimi."

"Ni mimi, mama."

"Wewe umeumwa tu. Hukuiba." Lakini alisema akitazama nje ya mlango, na sauti yake haikuwa laini. Nilielewa kwamba ananisamehe jambo ambalo bado linamuuma. "Hospitali wamesema kuna dawa?"

Sijui kama kuna mtu mwingine aliyewahi kujibu swali hilo mbele ya mama mkwe wake. Nilijibu nikitazama viatu vyangu. "Wamesema kuna, mama. Itachukua muda."

"Basi itumie." Akainuka, akajitanda vizuri ushungi. "Twende. Yule wa mikoba ya mikono miwili ameniambia leo atapunguza."

Hakurudia kulisema tena mpaka alipoondoka.

Wengine ndio walioniua, tena kwa wema. Yule mwanamke wa sauti aliniachia kwa mwenye kago chupa ya asali na pakiti ya habasoda, bila ujumbe. Mgahawani, nilipoingia, mabishano ya simu yalikatika, na mtu akasogea kunipisha kiti, kitu ambacho hakijawahi kutokea. Mpishi akaniongezea nyama. Yule Mkenya wa vipuri, ambaye huwa hamwachi mtu, aliniuliza tu masomo yanaendeleaje. Nilijua hapo kwamba habari imefika kila meza. Nikaacha kwenda. Kwa muda mrefu nikawa napika wali bwenini, naula nimesimama karibu na dirisha.

Mwenye kago alinifuata baada ya sala ya Ijumaa, akanishika mkono nje ya msikiti na hakuuachia. "Ndugu yangu, lile neno langu la siku ile," akasema. "Sikukusudia."

"Najua."

"Mimi na mke wangu tulikaa miaka mingi kabla hatujapata. Sijawahi kumwambia mtu hapa." Nilimshukuru. Alikuwa ananipa siri yake ili tuwe sawa, na hata hilo niliona haya kulipokea, kwa sababu yake aliitoa kwa hiari.

Watu huniuliza simu ipi ni bora, kwa kuwa nimezitumia zote na ndiyo fani yangu. Zamani nilikuwa na jibu refu. Siku hizi namuuliza mtu atampigia nani, anakaa na nani, na anaweka nini ndani yake. Wengi hawapendi kuulizwa hivyo. Wanataka uwatajie ile waliyokwisha kuichagua. Mimi mwenyewe bado natumia ile iliyofungwa, na ya mama niliiuza kwa mwanafunzi mwenzangu baada ya kuifuta mara tatu.

Likizo iliyofuata nilirudi Tanga, na Idi ikanikuta ukweni. Nilikuwa nimeshaanza dawa, na daktari alikuwa amesema tusubiri. Mke wangu alinishonea kanzu mpya. Wanaume tuliandaliwa ukumbini, na mama mkwe alikuwa mlangoni akisimamia vyakula viingie, kama kawaida yake. Shangazi mmoja wa mke wangu, mzee asiyeogopa mtu, akasimama kando yake akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Na huyu mwanafunzi wetu," akasema kwa sauti ya nyumba nzima, "huko China anasomea kitu gani kisichoisha? Tunasubiri mjukuu, au tusubiri cheti?"

Wanaume wakacheka kidogo. Nikahisi uso wote ukipata joto, na nikawa na hakika kwamba kila aliyekaa kwenye mkeka ule anajua.

"Mwache mwanangu ale," mama mkwe akasema. Akampa shangazi sinia la biriani alishike kwa mikono miwili, akamwelekeza upande wa wanawake.

Nikala. Sikuinua macho mpaka maji ya kunawa yalipoletwa.